Kamera Ndogo, Kazi Safi

Vikundi vingi vinataka kutengeneza filamu fupi ya kuonyesha hali yao: kisima kilichokauka, miche iliyopandwa, au shamba lililoliwa na mmomonyoko wa udongo. Swali huwa ni lile lile: tumkodi mtu mwenye kamera kubwa, au simu ya mwanakikundi yatosha? Sisi twasema simu yatosha, lakini kuna masharti.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alitumia kamera ndogo kwa miaka kadhaa kurekodi maisha ya jamaa yake na majirani: ukame, mafuriko, na dhoruba iliyoharibu nyumba yake. Picha zake ziliunganishwa na zile za Julia Dahr, mtengenezaji filamu wa kutoka Norwei. Filamu yao, Thank You for the Rain, ilitolewa mwaka 2017. Kamera ndogo ilikuwa pale kijijini siku kwa siku. Kamera kubwa ya kukodi huja asubuhi na jioni imekwenda. Hata hivyo, kulihitajika watu wenye ujuzi wa kuchagua picha na kuzipanga. Urahisi wa chombo haumaanishi kazi ya ovyo ovyo.

Basi tuangalie mambo manne.

Kwanza, sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini asiposikia maneno ataondoka. Msirekodi karibu na posho mill, barabara, au chini ya mabati mvua ikinyesha. Upepo ukivuma, jikingeni nyuma ya ukuta. Mkiwa na simu mbili, moja ipige picha, na ya pili irekodi sauti ikiwa katika mfuko wa shati la msemaji. Mtu apige kofi moja mwanzoni. Kofi hilo litasaidia kulinganisha sauti na picha baadaye.

Pili, kutulia. Ilazeni simu kwa upana, muiegemeze juu ya kiti au matofali. Kila picha ikae sekunde kumi bila kusogezwa. Kama jambo liko mbali, msilivute kwa vidole kwenye kioo, maana picha huharibika. Sogeeni karibu kwa miguu.

Tatu, mwanga. Msemaji aelekee dirisha au mlango, asiupe mgongo, la sivyo uso utakuwa mweusi. Nje, asubuhi na jioni ni bora kuliko saa sita mchana, wakati jua huweka vivuli machoni.

Nne, ushahidi. Mama akisema maji yako mbali, tuonyesheni njia, mtungi, na foleni ya mtoni. Pigeni kwa mbali, kwa karibu, kisha mikono ikifanya kazi. Picha hizo ndizo zitakazomfanya afisa wa kaunti aamini.

Je, kikundi kikiwa na pesa kidogo, zitumike wapi? Nunueni kwanza kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, halafu miguu mitatu ya kusimamishia simu. Kamera mpya iwe ya mwisho kabisa. Kukopa pesa za merigoraundi kukodi kamera kubwa kwa siku moja si busara, kama sauti itasikika vibaya vile vile. Lakini tusidanganyane: usiku, au katika baraza ambapo msemaji yuko mbali, simu hushindwa. Hapo ombeni msaada wa mwenye vyombo.

Kabla ya kuondoka mahali, sikilizeni mlichorekodi kwa kutumia vifaa vya masikioni. Kosa likionekana, rudieni papo hapo, maana kuja tena kesho ni nauli. Na kila msemaji aelezwe filamu itaonyeshwa wapi na kwa nani, kisha akubali mwenyewe. Mjane anayesimulia jinsi alivyonyang'anywa shamba aweza kuumizwa na filamu ile ile iliyokusudiwa kumsaidia. Akikataa uso wake uonekane, onyesheni mikono yake tu.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu:
1. Ni jambo gani moja tunalotaka watu walione?
2. Ni nani atakayelitazama, na tunataka afanye nini?
3. Ni nani kati yetu ana mkono uliotulia, na nani ana sikio zuri?