Utangulizi: Tairi Chakavu na Nyumba Yenye Ubaridi

Baraka, katika eneo la Fizi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na nyumba nyingi za mji huo zimeezekwa kwa mabati. Saa saba mchana bati hupokea jua lote na kulishusha ndani, na mwanafunzi aliye darasani au mgonjwa aliye kitandani hana pa kukimbilia. Ukipanda nyanda za juu za Fizi, upande wa Minembwe, mwinuko unapita mita 2,000 na shida inageuka: usiku bati hilohilo huacha joto la watu lipotee angani. Taaluma ninayokukaribisha humu, ndugu msomaji, inazishughulikia shida zote mbili. Ni taaluma ya vihami joto, yaani vitu vinavyozuia joto lisipite, nasi tutaiingia kwa mlango wa tairi chakavu.

Malori ya Barabara ya Taifa Namba 5, inayopitia Uvira, hula matairi, na wakazi wa ziwani hawayatupi ovyo. Mengine hutundikwa ubavuni mwa mashua, mengine hukatwa kuwa viatu, na mipira ya ndani huwa kamba za kufungia mizigo ya baiskeli. Yanayobaki hushika maji ya mvua, na humo hutaga mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya manjano, dengue na chikungunya. Kuyachoma ni vibaya zaidi, maana moshi wake una dioksidi ya salfa na benzini.

Nchi hii inaudai mpira deni la zamani. Mvumbuzi John Boyd Dunlop alipotoa tairi la upepo mwaka 1888, utomvu wa mpira ukawa mali duniani, na katika dola ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kati ya 1885 na 1908, watu wa bonde la Kongo walilazimishwa kuutafuta msituni kwa viboko, kwa mateka na kwa kukatwa mikono. Mpira unapoturudia ukiwa taka, tuna haki ya kuutaka utufae.

Sasa tuje kwenye fizikia. Upitishaji joto hupimwa kwa wati kwa kila mita kwa kila kelvini. Chuma kina karibu 50, tofali la kuchoma karibu 0.6, mpira karibu 0.15, na hewa iliyotulia karibu 0.025. Namba ikipungua, joto linazuilika zaidi. Mpira basi ni mzuri, lakini hewa inaushinda mara sita. Blanketi nalo hutia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Ndiyo maana tairi zima lililoshindiliwa udongo, kama alivyoanza kujenga Michael Reynolds huko New Mexico, Marekani, miaka ya 1970, silihesabu kuwa kihami: ukuta wa namna hiyo hutunza joto la mchana na kulirudisha usiku, na hiyo ni kazi nyingine. Tairi huwa kihami likichanwa au kusagwa, vipande vikashika hewa baina yake.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, wakiongozwa na Hai Minh Duong, walilifikisha wazo hilo mbali. Walichanganya nyuzi laini za tairi na maji na kemikali za kuunganisha, wakazigandisha na kuzikausha, wakapata erojeli, kitu chepesi kilichojaa hewa. Kazi hiyo inahitaji maabara. Fundi wa Fizi ana kisu na msumeno, na hapo ndipo utafiti wetu unapoanzia. Tairi la gari dogo hukatika ubavuni, kwani pale lina nyuzi za nguo. La lori la kisasa limejaa nyaya za chuma na huharibu visu. Kwa maoni yangu, mabaki ya mafundi viatu, ambayo yamekwisha kukatwa, ndiyo malighafi bora ya kuanzia.

Wengi hukimbilia kuchanganya mpira katika matofali na zege. Mwaka 1993 Neil Eldin na Ahmed Senouci walionyesha kwamba zege ambalo kokoto zake zimeondolewa na kuwekwa vipande vya tairi hupoteza hadi asilimia 85 ya nguvu ya kuhimili mgandamizo. Mpira usibebeshwe paa kamwe. Na moto ni hatari kubwa zaidi: huko Heyope, Wales, lundo la mamilioni ya matairi liliwaka mwaka 1989 na likafukuta zaidi ya miaka kumi. Katika nyumba zinazopikiwa kuni na makaa, mpira ufunikwe kwa udongo pande zote, na usiwekwe kabisa jikoni.

Hata hivyo, kwa joto la Baraka, dari na upenyo wa hewa chini ya bati vinatangulia, mpira unafuata. Anayetaka kujenga kesho asome kwanza sura ya moto, kisha ya dari, ndipo aende kumtafuta fundi viatu.