Kuhamisha SMS za Kiwanda Bila Kumwacha Kibarua Langoni

Kabla umati wa Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben haujajaa Barabara ya Lunga Lunga alfajiri, kiwanda kinachoita vibarua kwa SMS huwa kimeshatuma zake: nani aingie shifti ya asubuhi, nani asubiri ya usiku. Ujumbe usipofika, mtu amekosa ujira wa siku nzima. Ndiyo maana nawasihi wenye viwanda na maghala ya Industrial Area, Nairobi, wasiifanye kazi ya kuhamia mfumo mpya wa kutuma jumbe kuwa ya kijana wa kompyuta, Ijumaa jioni, peke yake.

Wengi huhama wakifuata bei. Lakini ujumbe hutozwa kwa kipande. Kipande kimoja hubeba herufi 160 za kawaida, nafasi na alama zikiwemo. Penyeza alama moja tu isiyo kwenye orodha ya kawaida, na kipande kinashuka hadi herufi 70. Ukizidi hapo ujumbe unakatwa, kila kipande kikibeba 67. Majina yetu yako hatarini hapa. Ng'ang'a au Nyang'au likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, halina shida. Linakiliwe kutoka Word, inayopenda kuipinda ritifaa, na ujumbe wa herufi 140 uliolipiwa kipande kimoja sasa unalipiwa vitatu. Huenda mfumo wa zamani ulikuwa ukiinyoosha bila kukwambia. Muulize wakala mpya anayekuuzia huduma ya SMS kama mfumo wake hufanya hivyo, kisha ujaribu mwenyewe kwa jina kama hilo.

Jina la mtumaji, lile linaloonekana mahali pa namba na lisilozidi herufi 11, halihami na akaunti. Kila mtandao una usajili wake, na kwa kawaida jina huwa limeunganishwa na wakala aliyekuombea. Anza kuliomba upya mapema, kwa barua ya kampuni, na usiufunge mfumo wa zamani kabla halijakubaliwa kote. Mfanyakazi aliyezoea kuona jina la kiwanda hataamini agizo la shifti kutoka kwa mtumaji asiyemjua, na matapeli wa simu wamempa kila sababu ya kutoamini.

Orodha ya namba nayo ina mitego. Excel hula sifuri ya mwanzo. Programu iliyoandikwa zamani huenda ikakataa namba za 010 na 011 kwa kuwa imefundishwa 07 pekee. Tena tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo tarakimu za mwanzo si ushahidi wa mtandao alio nao leo.

Kinachosahauliwa kuliko vyote ni orodha ya wateja waliosema hawataki matangazo ya kiwanda. Imo ndani ya mfumo unaoachwa, na akaunti ikifungwa inaweza kupotea nayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kukataa data yake isitumiwe kumtangazia biashara, na haki hiyo haifutiki kwa sababu umebadilisha wakala. Mwenye duka Kayole aliyekataa matangazo ya bei ya unga asianze kuyapokea upya. Ipakue orodha hiyo kwanza, pamoja na ripoti za jumbe zilizofika.

Na zisomwe vizuri hizo ripoti. "Imetumwa" maana yake mfumo umeupokea ujumbe na kuupeleka mbele. "Imefika" ndiyo habari ya simu ya mpokeaji. Tafuta laini za Safaricom, Airtel na Telkom, ukae nazo mezani na kulinganisha ripoti na unachokiona kwenye skrini.

Kisha endesha mifumo yote miwili kwa pamoja. Matangazo yatangulie kuhama, yafuate ya madereva na wateja, na ya shifti yahame mwisho, katikati ya mwezi, wakati mishahara haiko njiani.