Vitz, IST, Passo, Fit au Demio: Kuupima Ushuhuda wa Wenye Magari

Magari madogo ya Kijapani yaliyojaa barabara za Afrika Mashariki ni Toyota Vitz, IST na Passo, Honda Fit, Mazda Demio, pamoja na Nissan March na Note. Karibu yote huja yakiwa yametumika kwanza Japani. Huko gari jipya hupewa miaka 3 kabla ya ukaguzi wa kwanza wa lazima, uitwao shaken, na kisha hukaguliwa kila baada ya miaka 2 kwa gharama isiyo ndogo. Wengi huona afadhali kuliuza kuliko kulilipia ukaguzi mwingine. Ndiyo sababu gari la miaka kadhaa hushuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa injini ikiwa bado nzima. Maisha yake baada ya hapo hutegemea uundwaji wake, mashimo ya barabara na mkono wa anayelitunza, na juu ya hayo hakuna shahidi anayempita mtu aliyeliendesha miaka mitatu minne kwa pesa yake mwenyewe.

Ushuhuda huo, hata hivyo, hupishana. Mwenye Fit mmoja atalalamika kwamba giaboksi imemfilisi. Jirani yake ana Fit kwa mwaka wa sita na fundi hajaigusa giaboksi hata mara moja. Vitz moja husifiwa kwamba inanusa mafuta tu, nyingine hulaumiwa kwa kunywa oili. Mara nyingi wote husema kweli, ila hawazungumzii gari moja. Jina Vitz limebeba magari matatu tofauti: la 1999, la 2005 na lililotoka mwishoni mwa 2010, kila moja na injini zake na giaboksi zake. Sheria za nchi nazo zinachangia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa lililofikisha miaka 15, na Tanzania hulipokea gari kuukuu ila hulitoza ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo Vitz inayosifiwa Nairobi na inayosifiwa Mwanza huenda zikawa za vizazi viwili, na sifa ya moja haimsaidii mnunuzi wa nyingine.

Kinachozitofautisha ni namba ya chesisi, iliyoandikwa kwenye kibati ndani ya boneti. Kwa familia ya Vitz, herufi za mwanzo hutaja injini na tarakimu hutaja kizazi. SCP10 ni Vitz ya kwanza yenye injini ya 1SZ ya lita 1.0. KSP90 ni ya pili, yenye injini ya 1KR ya silinda 3. KSP130 na NSP130 ni za kizazi cha tatu. IST ya 2002 husomeka NCP60 ikiwa ni ya lita 1.3, na NCP61 ikiwa ni ya 1.5. Fit ni GD, kisha GE, kisha GK. Demio ni DE, kisha DJ. Ushuhuda usiotaja angalau herufi hizo, au mwaka na ukubwa wa injini, una thamani ndogo kwa mnunuzi.

Sifa kubwa ya IST ya kwanza na ya Vitz za mwanzo ni giaboksi yao ya otomatiki ya gia 4, ya mtindo wa zamani, ambayo fundi wa mji wowote anaifahamu. Injini za IST hiyo, 1NZ na 2NZ, hutumia cheni ya taimingi, si mkanda, hivyo mwenye gari hasumbuliwi na hesabu ya kilomita za kubadilisha mkanda kama ilivyokuwa kwa Starlet, iliyorithiwa na Vitz. Injini ya 1NZ imo pia kwenye Probox, Raum, Sienta na baadhi ya Corolla. Hiyo ndiyo siri ya sipea zake kupatikana kirahisi: kinachouzwa Gerezani Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala kwa ajili ya Probox, kwa sehemu kubwa kinaingia kwenye IST.

Lawama ya kweli ya injini hizi ni oili. Ringi ya chini ya pistoni, inayokwangua oili ukutani mwa silinda, ikijaa kaboni hunata na kuacha kufanya kazi. Oili hupanda na kuungua pamoja na petroli. Chini ya gari hakuna hata tone, lakini kijiti cha oili kinaonyesha kiwango kimeshuka, na asubuhi injini inapowashwa bomba hutoa moshi wa bluu kwa muda mfupi. Chanzo cha kawaida ni kuchelewesha oili au kutumia oili feki. Mmiliki asiyechungulia kijiti kati ya sevisi moja na nyingine huja kugundua taa nyekundu imewaka, na hapo injini imeshaumia. Anayesema "IST haiui injini" mara nyingi ni yule anayechungulia kila Jumamosi.

Passo, iliyotoka 2004, ina beji ya Toyota lakini hutengenezwa na Daihatsu, na pacha wake huitwa Boon. Ya lita 1.0, KGC10, ina injini ile ile ya 1KR ya silinda 3. Wamiliki wapya wengi huipeleka gereji kwa sababu inatetema ikiwa imesimama taa nyekundu, na wengine hubadilishiwa mauntingi bila haja. Injini ya silinda 3 hutetema kidogo kwa maumbile yake. Mauntingi zilizochoka hujulikana kwa kishindo gia inapoingizwa D au R. Gari hili ni jepesi na rahisi kuegesha, na linafaa sana kwa safari za mjini. Likipishana na basi la mkoani kwenye barabara kuu husukumwa na upepo, na likijazwa watu watano kupanda mlima, injini hulia. Anayesafiri mara kwa mara kati ya Dar na Iringa atafute kitu kizito zaidi.

Honda Fit ndiyo inayogombaniwa zaidi kwa maneno. Wahandisi wa Honda waliweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, hivyo kiti cha nyuma kinaweza kukunjwa kikazama sakafuni, au makalio yake yakainuliwa na baiskeli ikasimama wima ndani. Katika magari ya kimo hiki hakuna linalobeba kama Fit. Tabu iko kwenye GD1, ile ya 2001. Injini yake ya lita 1.3 ina plagi 8, mbili kwa kila silinda: nne mbele, nne nyuma karibu na kioo. Za nyuma hazifikiki kirahisi, na fundi mwenye haraka hubadilisha nne za mbele na kulipwa kwa kazi nzima. Gari linaendelea kukohoa na kupoteza nguvu, na mmiliki anaapa kwamba plagi ni mpya.

Giaboksi ya GD ni CVT: badala ya gia kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Ya Fit hiyo haina toki konveta. Huondoka kwa klachi maalumu inayoogelea kwenye mafuta ya giaboksi. Mafuta yakichakaa, au fundi akijaza mafuta ya otomatiki ya kawaida badala ya yale ambayo Honda imeyaainisha, klachi hiyo hukwama na kuachia, na gari huondoka kwa mtetemo kama linapita juu ya magogo. Likiwahiwa, kubadilisha mafuta sahihi zaidi ya mara moja huweza kuuondoa mtetemo huo. Likichelewa, ni giaboksi nyingine. Fit ya GE, iliyoanza mwishoni mwa 2007, iliwekewa toki konveta, na malalamiko ya kuondoka kwa mtetemo yakapungua sana. Si haki kuibebesha GE dhambi za GD, na bado hufanyika kila siku.

Fit ya tatu ya mseto wa petroli na umeme, GP5, ni kisa kingine. Ilitoka Septemba 2013 na giaboksi ya klachi mbili yenye gia 7, na kufikia Oktoba 2014 Honda ilikuwa imeirudisha karakana mara tano, hata wakuu wa kampuni wakakatwa mishahara. Kasoro zile zilirekebishwa kwa magari yaliyorudishwa, lakini asiye na fundi wa giaboksi hiyo karibu naye asiifikirie.

Demio DE ya lita 1.3 inahitaji kusomwa kibati kwa makini: DE3FS ina otomatiki ya gia 4, wakati DEJFS ina CVT. Demio DJ ya petroli, iliyoanza 2014, ilirudi kwenye otomatiki halisi, safari hii ya gia 6, na wamiliki wanaopenda gari linaloshika kona huisifu bila kuchoka. Ile ya dizeli hukusanya masizi kwenye njia za hewa na kichujio ikiendeshwa safari fupi fupi za foleni. Ni gari la barabara ndefu. Kuhusu Nissan, March ya K12 inajulikana kwa cheni ya taimingi kulegea, na katika Note la kuchunguzwa kwanza ni CVT.

Juu ya mafuta, takwimu za Japani zisichukuliwe kama ahadi. Fit ya 2001 ilitangazwa kwa kilomita 23 kwa lita kwa kipimo kiitwacho 10·15, ambamo gari halizidi kilomita 70 kwa saa na AC imezimwa. Foleni ya saa kumi na moja jioni haifanani na maabara. Linganisho la haki ni la wamiliki wawili wa njia moja wanaojaza tangi, wanaandika kilomita, wanajaza tena.

Aina ya shahidi ni muhimu kuliko sauti yake. Mwenye gari wa miezi sita bado yuko kwenye fungate. Dereva wa teksi za mtandaoni anakimbiza kwa mwaka mmoja kilomita ambazo mtu wa kwenda kazini na kurudi atazimaliza kwa miaka kadhaa, hivyo anayajua mapema magonjwa ya uzeeni. Fundi, kwa upande wake, huona mabovu tu, na hulisema vibaya zaidi gari ambalo hana vifaa vya kulipima. Huyu aulizwe bei ya kipuri na siku za kukisubiri, kwa maana hapo ndipo alipo na ujuzi. Mmiliki aulizwe: namba ya chesisi ni ipi, oili gani imekuwa ikitumika, mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini na kwa aina gani, na oili hupungua kiasi gani kati ya sevisi.

Lipo jambo moja ambalo wamiliki hawawezi kulitolea ushahidi, nalo ni eabegi za kampuni ya Takata. Kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na eabegi inapofumuka huweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Vitz na Fit za miaka fulani zimo kwenye orodha ya magari yaliyoitwa kurekebishwa. Pwani yetu ina joto na unyevu mwaka mzima, kwa hiyo namba ya chesisi ikaguliwe kwa mtengenezaji hata kama gari halina tatizo lolote la mwendo.

Kwa anayenunua gari la kwanza na kuishi mbali na mji mkubwa, IST ya NCP60 au NCP61 isiyokula oili ndiyo salama zaidi. Wa mjini anayebeba familia na mizigo, aliye tayari kulipia mafuta sahihi ya giaboksi, atafaidi zaidi Fit ya GE. Mkenya anayeagiza ndani ya kikomo cha miaka 8 aitazame kwanza Demio DJ ya petroli, kisha Vitz ya kizazi cha tatu. Lolote litakalochaguliwa, mnunuzi aombe kuliona asubuhi likiwa limepoa, alisikilize likiwashwa, aliendeshe mpaka lipate moto na kuondoka nalo kwenye mwinuko mara tatu nne, ndipo azungumzie bei.