Safari ya Blanketi: Mabadiliko ya Njia za Msaada Mashariki ya Kongo

Msomaji atakumbuka Julai 1994, pale laki kadhaa za wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache tu, na kipindupindu kikaua maelfu. Maji, dawa na vyakula vililetwa kwa ndege na malori. Ndiyo sura ya msaada ambayo wengi wetu tunaijua: kitu hununuliwa ng'ambo, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, huvuka nchi mbili tatu, hulazwa boharini, kisha hugawiwa kwa orodha. Kila jamaa hupata fungu lile lile la blanketi, sufuria, bidoni na turubai. Mwenye sufuria hupewa ya pili. Mwenye haja ya karo ya mtoto huliuza blanketi sokoni, kwa bei ya kutupa.

Kuanzia mwaka 2008 hivi, UNICEF na washirika wake walijaribu njia nyingine katika Kivu. Wafanyabiashara wa mahali huleta bidhaa katika soko la siku moja, na aliyehamishwa na vita hupewa kuponi akachague mwenyewe. Baadaye zikafuata fedha taslimu na fedha za simu. Lugha nayo imesogea: mtu aliyekuwa akigawiwa, kauli ya kutendwa, sasa ananunua.

Je, mnyororo umefupika? Sidhani. Blanketi la dukani Goma nalo limetoka ng'ambo kwa barabara zile zile. Kilichobadilika ni kwamba anayebeba hatari ya safari ni mwenye duka, wala si shirika. Aidha, kuponi na fedha huhitaji duka lililo wazi na benki yenye noti. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipouteka mji, bohari za misaada ziliporwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango. Njia ya kale na njia mpya zilikatika kwa pamoja.

Mwezi huo huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mwaka 2024, takriban asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini mwetu zilikuwa zimetoka huko. Kwa maoni yangu, mabishano juu ya shehena na fedha yamekisahau mno kiungo hicho cha kwanza.