Kutafuta Maneno kwa Herufi Zilizotolewa: Kutoka Darasa la Kiingereza hadi la Kiswahili

Walimu wengi wa lugha tunalifahamu zoezi hili: herufi chache huandikwa ubaoni, nao wanafunzi hutafuta maneno yanayoweza kuundwa kutokana nazo. Hapa Uganda, ambako Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za sekondari, wanafunzi huingia chuoni wakiwa wamelizoea kwa maneno ya Kiingereza. Katika makala haya tunaeleza namna ya kulifanya kwa utaratibu, kisha tunaonyesha kwa nini haliwezi kuhamishiwa katika Kiswahili bila kwanza kutazama upya kanuni zake.

Swali linaloulizwa ni lipi?

Kuna maswali matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Tuchukue herufi A, E na T. Tukitaka maneno yanayotumia herufi zote bila kuongeza nyingine, tutapata EAT, ATE na TEA. Tukiruhusu kuacha baadhi, AT nalo litakubalika. Tukiruhusu kuongeza, tutapata LATE, WATER, TEACHER na mengine mengi. Mwalimu aseme tangu mwanzo ni swali gani analouliza, la sivyo darasa litagombana bure.

Kupanga herufi kialfabeti

Herufi sita zisizojirudia zinaweza kupangwa kwa namna 720, na herufi saba kwa namna 5,040. Hivyo basi, kubahatisha hakufai. Njia rahisi ni kuzipanga herufi za kila neno kwa kufuata alfabeti. LISTEN, yaani sikiliza, hutoa EILNST. SILENT, yaani kimya, hutoa EILNST vilevile, na ENLIST, yaani kuandikisha jeshini, hali kadhalika. Wanafunzi wakiandika kila neno kwenye kadi, na juu yake herufi zilizopangwa, kadi zenye kichwa kimoja zitakutana zenyewe. Programu za kompyuta zinazotafuta maneno ya aina hii huweza kutumia kanuni hiyo hiyo.

Kutenga viambishi

Njia ya pili inahitaji ujuzi wa lugha. Kiingereza huongeza viambishi vingi mwishoni mwa neno: -ING, -ED, -ER, -LY, -NESS. Tukipewa A, E, G, I, N, R, T, tunatenga ING na kubaki na A, E, R, T. Hapo tunaona TEAR, yaani kurarua, na jibu ni TEARING. Mwanafunzi mwingine ataona RATE na kuandika RATEING. Hapo mwalimu amepata nafasi nzuri ya kufundisha kwamba E ya mwisho hudondoshwa na neno huwa RATING. Aidha, wasiotenga ING wanaweza kufika kwenye GRANITE, jina la aina ya jiwe.

Idadi ya herufi nayo husaidia. Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo wa Scrabble katika miaka ya 1930, alihesabu herufi katika magazeti ili kujua zipi hutumika zaidi. Katika mchezo huo wa Kiingereza wenye vibao 100, E ina vibao 12, ilhali K ina kimoja tu chenye alama 5. Yeyote anayejua Kiswahili ataona tatizo mara moja: K kwetu si herufi adimu. Imo katika ku-, ki-, ka- na maneno mengine yasiyohesabika, wakati Q na X hazimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili sanifu.

Je, Kiswahili?

Tuanze na herufi nne: A, I, L, M. Zinatoa angalau maneno matano: mali, mila, lami, imla na lima. Mpaka hapo kamusi inatosha kuwa mwamuzi.

Sasa tuongeze A mbili na T moja, tupate A, A, A, I, L, M, T. Katika Kiingereza tulianzia mwisho wa neno. Katika Kiswahili tunaanzia mbele. Tunatenga a- ya nafsi na -ta- ya njeo, tunabaki na yale maneno matano. Kati yake ni lima pekee linaloweza kubeba viambishi hivyo, kwa sababu ndilo kitenzi. Mengine ni majina. Jibu ni atalima.

Lakini lipo jibu jingine: atamlia, kama katika sentensi "Atamlia mali yake yote." Hapa pana a- ya nafsi, -ta- ya njeo, -m- ya mtendwa, na kitenzi -la katika kauli ya kutendea. Atalima na atamlia hayaorodheshwi kama vidahizo katika kamusi zetu, kwa kuwa kamusi huorodhesha kitenzi bila viambishi vya nafsi na njeo. Mwamuzi anayeshika kamusi peke yake atayakataa yote mawili.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mwanafunzi aliyekataliwa jibu sahihi atajifunza kwamba neno la Kiswahili ni lile tu lililoandikwa kamusini, naye atakuwa mwoga wa kuunda maneno mengine. Kwa anayejifunza lugha inayoambatisha viambishi kwa wingi kama hii, hasara hiyo ni kubwa kuliko alama alizopoteza.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni mbili. Kwanza, darasa likubaliane kabla ya kuanza kama maumbo ya vitenzi yenye viambishi yanaruhusiwa. Pili, yakiruhusiwa, anayetoa neno alichambue mbele ya wenzake: kiambishi hiki ni cha nafsi, hiki cha njeo, hiki ni kitenzi chenyewe. Akiweza kulichambua na kulitumia katika sentensi, apewe alama zake.

Wasomaji wetu tunawaachia zoezi dogo: herufi A, A, I, L, M, W zinatoa neno moja ambalo ni jina la karamu, na papo hapo ni kitenzi kamili chenye nafsi na njeo. Wapeni wanafunzi wenu, na msikilize watakavyolichambua.