Alivaa jezi za timu 12, kombe hakulipata

JE, msomaji, umewahi kurudi nyumbani jioni ukawaambia watoto kwamba mnahama? Kama wewe ni mwalimu, askari polisi au karani wa serikali, au kama ulilelewa na mzazi wa kazi hizo, basi barua ya uhamisho unaijua. Huja bila kubisha hodi. Watoto huacha marafiki na shule, mama huacha biashara yake, na vyombo hutiwa katika magunia safari ikaanza.

Sasa hebu mfikirie baba aliyehamishwa namna hiyo karibu kila mwaka, na kuna siku alihamishwa mara mbili kabla ya jua kutua. Huyo ni Mike Sillinger, mshambulizi wa hoki ya barafu, mzaliwa wa mji wa Regina nchini Kanada.

Hoki ya barafu ni ndugu wa magongo tunayoyajua, ila wachezaji huteleza kwa viatu vyenye vyuma vikali chini, na badala ya mpira hukimbiza kisahani kigumu cha mpira mweusi. Kwetu Kenya mchezo huu si mgeni kabisa. Mwaka 2018 vijana wa timu ya Kenya Ice Lions, waliokuwa wakifanyia mazoezi katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, walialikwa Kanada kuucheza.

Ligi kubwa kuliko zote za mchezo huo ni NHL, yenye timu za Marekani na Kanada. Kila mwaka timu hizo huketi na kuchagua vijana kwa zamu. Mwaka 1989 klabu ya Detroit Red Wings ilimchagua Sillinger, akiwa na miaka 17, kuwa wa 11 katika orodha nzima. Ndiye aliyekuwa chaguo lake la kwanza. Baadaye, katika nafasi ya 53, klabu hiyo hiyo ikamchukua kijana wa Uswidi aitwaye Nicklas Lidström.

Tazama basi jinsi riziki zinavyogawanywa. Lidström aliyechaguliwa nyuma alicheza Detroit misimu 20 bila kuhama hata mara moja, akawa nahodha na kulitwaa kombe la Stanley mara 4. Sillinger aliyechaguliwa mbele aliuzwa kwa Anaheim mwezi wa Aprili 1995. Miaka miwili baadaye, 1997, Detroit ililitwaa kombe hilo yeye akiwa Vancouver.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Baada ya Vancouver alikwenda Philadelphia, kisha Tampa Bay, Florida, na Ottawa. Huenda ukauliza, kwani yeye hakuwa na kauli? Msomaji, katika ligi hiyo mkataba wa mchezaji huwa mikononi mwa klabu. Isipokuwa pale ambapo mkataba wenyewe unakataza, wakuu wa klabu mbili hupatana kwa simu, na mchezaji huambiwa mambo yakiwa yamekwisha. Kati ya timu zote 12 alizochezea, ni mbili tu alizojiunga nazo kwa hiari akiwa mchezaji huru: Columbus mwaka 2001, na New York Islanders mwaka 2006.

Julai 2003 ndipo alipohamishwa mara mbili kwa siku moja. Columbus ilikuwa inamtaka beki Darryl Sydor wa Dallas, ikamtoa Sillinger. Dallas nayo ilikuwa inamtaka beki Teppo Numminen wa Phoenix, ikamtoa Sillinger yuyo huyo. Jezi ya Dallas hakuivaa kamwe. Kabla msimu haujaisha, Phoenix nayo ikampeleka St. Louis, na mwaka 2006 St. Louis ikampeleka Nashville.

Mtu akisikia habari hizi anaweza kudhani kwamba Sillinger alikuwa mchezaji hafifu asiyetakiwa na mtu. Sivyo. Bidhaa mbovu haipati mnunuzi mara kumi. Kila alikotolewa, kulikuwa na mwingine aliyekuwa akimngoja. Alisifika kwa kazi ambazo mashabiki wengi hawazitazami: kugombania kisahani kila mchezo unapoanzishwa upya, na kulinda lango wakati mwenzake amefukuzwa uwanjani kwa dakika mbili. Tena mabao aliyajua. Katika msimu wa 2005-06, aliouanza St. Louis na kuumalizia Nashville, alifunga mabao 32, mengi kuliko msimu wake mwingine wowote, naye alikuwa amevuka miaka 34.

Mwishowe nyonga ndiyo iliyomshinda. Alistaafu Agosti 2009 akiwa na miaka 38, baada ya mechi 1,049 na mabao 240. Rekodi ya kuchezea timu 12 katika NHL ni yake. Kombe la Stanley hakulipata.

Lakini wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mei 2003, miezi miwili tu kabla ya Columbus kumtoa, Sillinger alipata mtoto wa kiume katika mji huo huo, akaitwa Cole. Mtoto huyo alikua akashika gongo kama baba. Mwaka 2021 timu za NHL zilipoketi tena kuchagua vijana, Cole alichaguliwa kuwa wa 12, nafasi moja tu nyuma ya baba yake. Na klabu iliyomchagua ilikuwa Columbus. Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 18, aliingia uwanjani kwa jezi ile ile aliyovuliwa baba yake.

Kwa hivyo, msomaji, barua ya uhamisho ikikufikia tena, usiwafiche wanao kwamba kuhama kunauma. Lakini waambie pia kwamba mahali mnakokwenda kuna kazi inayowangoja, na kwamba aliyehamishwa sana huenda ndiye anayetakiwa sana.