Refa Alichelewa au Alifanya Haraka?

Ukitaka kuzua ubishi ndani ya matatu itokayo Kitale kwenda Bungoma, mtaje Robert Wangila. Mimi nilimtaja tukiwa Kiminini. Tulipofika Webuye hakuna aliyekuwa amenyamaza.

Mzee mmoja alianzia Seoul, 1988. Huko Roy Jones wa Marekani alimtwanga Park Si-hun makonde 86 na kurudishiwa 32, lakini majaji watatu kati ya watano wakampa Mkorea ushindi. Wangila wetu hakuwaachia majaji kazi: alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili, akatwaa dhahabu. Hadi leo hakuna bondia mwingine wa Kenya aliyeipata katika Olimpiki. "Jina lenyewe la Kibukusu," mzee akasema, kana kwamba ndilo lililomwangusha Mfaransa.

Kisha tukafika Las Vegas, Julai 1994. Refa alisimamisha pigano lake na David Gonzalez katika raundi ya tisa. Wangila akalalamika, akitaka kuendelea. Baadaye akazirai katika chumba cha kuvalia, na baada ya siku mbili akafa. Alikuwa na miaka 26.

Kijana mmoja alidai refa alimwonea. Utingo akapinga: refa alichelewa! Mzee akasema bondia wa kulipwa akishindwa, malipo ya pigano lijalo hushuka, basi hawezi kukubali kwamba amechoka. Nikakosa la kusema. Mimi mwenyewe huwazomea marefa wanaosimamisha mapema.